Wapimaji wa Chipukizi na Ligi Ndogo za Besiboli

Mwaka wa 1924 klabu ya Baltimore, ambayo haikuwamo katika ligi kuu za besiboli ya Marekani bali katika ligi iliyo daraja moja chini yake, ilimwuza kwa Philadelphia Athletics mrushaji mpira mwenye umri wa miaka 24, jina lake Lefty Grove, kwa dola 100,600. Na zile 600 za mwisho zilitosha kuipita bei ya dola 100,000 ambayo New York Yankees walikuwa wamelipa miaka michache nyuma kwa ajili ya Babe Ruth. Muuzaji, Jack Dunn, ndiye yule yule aliyemwuza Ruth kwa Boston mwaka wa 1914. Grove huyo, Dunn alimtoa katika mji mdogo wa Martinsburg, West Virginia, mwaka wa 1920, akakaa naye karibu misimu mitano, akashinda kwa mkono wake mechi zaidi ya 100, na muda wote huo wakubwa wa ligi kuu walimjua, walimtamani, na wasiweze kumpata, kwa kuwa Dunn hakuona sababu ya kuuza upesi mali ambayo ilikuwa ikimletea faida kila wiki uwanjani pake.

Msomaji aliyezoea kandanda, ambako kijana wa miaka 17 aweza kuchezeshwa Jumamosi katika timu kubwa na Jumapili akawa gumzo la mji, itampasa kwanza kujua kwamba besiboli haina pupa ya namna hiyo. Ni mchezo ambao mmoja hurusha mpira, na mwingine, akiwa ameshika gongo, hupata chini ya nusu ya sekunde kuamua kama aupige au auache upite. Na uamuzi huo hausomeshwi kwa maneno, bali huingia mwilini kwa maelfu ya mipira, iliyopigwa na iliyokoswa. Kwa sababu hiyo chini ya timu za ligi kuu, ambazo leo ni 30, imejengwa ngazi ya ligi ndogo, na kijana huipanda daraja kwa daraja, aghalabu kwa miaka mitatu, minne au zaidi, na walio wengi hawafiki juu asilani. Mpimaji wa chipukizi ndiye mtu aketiye nyuma ya wavu katika viwanja vya miji hiyo midogo, daftari gotini, akitazama mvulana wa miaka 19 na kutakiwa aeleze atakavyokuwa mwanamume wa miaka 26. Mfano wake ni mnunuzi wa miche ya minazi, ambaye hulipa leo kwa madafu ya miaka mingi ijayo, na baina ya siku ya kupanda na siku ya kuangua hajui mvua itakavyonyesha wala mdudu atakapoingia.

Katika maneno yote yanayosemwa juu ya kazi hiyo, lipo moja ambalo historia yake yenyewe inalishuhudia kwa nguvu, nalo ni kwamba ligi ndogo hazikukua zikawa pana kwa sababu wapimaji walijua sana. Zilikua kwa sababu walijua kidogo, na wenye hekima miongoni mwao walikiri hivyo, wakatafuta dawa ya ujinga wao katika wingi wa vijana na katika subira.

Hapo mwanzo ligi ndogo zilikuwa milki huru. Mwaka wa 1901 viongozi wao walikutana Chicago wakaunda shirikisho lao, wakazipanga ligi kwa madaraja, A kuwa juu na D kuwa chini, na kila klabu ilikuwa na mwenyewe, mashabiki wake na faida yake. Timu ya ligi kuu iliyotaka mchezaji ilimnunua, na upimaji ulikuwa sawa na upimaji wa bidhaa yoyote sokoni: msafiri fulani aliona jambo, akaandika barua au akapiga simu, na mtu akatumwa kwenda kutazama. Walter Johnson, ambaye alikuja kuwa miongoni mwa warushaji wakuu wa zama zote, alipatikana hivyo mwaka wa 1907 katika Weiser, mji wa mbali wa jimbo la Idaho, wakati meneja wa Washington alipomtuma huko mdakaji wake mmoja, yaani mtu aipokeaye mipira ya mrushaji nyuma ya mpigaji, aliyekuwa ameumia na kwa hiyo hana kazi nyingine ya kufanya. Maskini wa ligi hawakuweza kushindana katika soko hilo. Walipogundua kijana hodari na kumtolea bei, mwenye klabu ndogo alifahamu mara moja kwamba ana johari mkononi, akaziarifu klabu tajiri, na kijana akaenda kwa mwenye fedha nyingi.

Hali hiyo ndiyo iliyomtesa Branch Rickey. Alizaliwa mwaka wa 1881 mashambani Ohio, katika jamaa ya Wamethodisti, naye alishika dini hata akakataa kuingia uwanjani siku ya Jumapili. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Michigan. Na mwenyewe alipocheza hakupata sifa kubwa, kwani siku moja ya mwaka wa 1907, akiwa mdakaji wa New York mwenye bega linalouma, wapinzani walikimbia vituo 13 katika mechi moja bila ya yeye kuweza kuwazuia. Baada ya hapo aliingia katika uongozi, na aliposhika mambo ya St. Louis Cardinals alikuta sanduku tupu. Uwanja wao wa zamani, uliokuwa wa mbao, ulikuwa ukichakaa. Mwaka wa 1920 waliuacha na kuiuza ardhi yake, wakawa wapangaji katika uwanja wa jirani zao, na fedha iliyopatikana Rickey hakuitumia kununua mashujaa, bali alinunua hisa katika klabu ndogo: Fort Smith ya Arkansas, Houston ya Texas, Syracuse ya New York, na nyingine zikafuata. Kama hawezi kununua matunda, alinena moyoni, basi atalima. Wamarekani wakauita utaratibu huo mashamba, na baadhi yao waliuita hivyo kwa dharau.

Ndani ya mashamba hayo ndimo upimaji ulipopata kuwa fani. Rickey aliitisha kambi za majaribio ambazo kijana yeyote aliruhusiwa kuja na viatu vyake. Mamia walijipanga uwanjani, kila mmoja na namba mgongoni, wakaamriwa kwanza kukimbia na kurusha, na kupiga kukaja baadaye, kwa itikadi ya Rickey kwamba mbio na mkono wenye nguvu ni tunu ambazo mwalimu hawezi kuzitia, ilhali ustadi wa gongo waweza kukuzwa. Waliopita walipelekwa daraja D, wakala mishahara midogo na kusafiri kwa mabasi usiku kucha, na waliobaki wazima baada ya misimu michache walipandishwa. Imani yake ilikuwa kwamba ubora hutoka katika wingi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 Cardinals walikuwa na mkono wao katika klabu ndogo zaidi ya 30 na wachezaji kwa mamia, na klabu iliyokuwa ombaomba ilitwaa ubingwa wa dunia, kama wanavyouita wao, mwaka wa 1926, 1931, 1934, 1942, 1944 na 1946.

Sitaki kuusifu utaratibu huo bila ya kutaja dhuluma iliyokuwamo. Mkataba wa zama hizo ulimfunga mchezaji kwa klabu yake mwaka baada ya mwaka, wala hakuwa na ruhusa ya kwenda kwingine, na hivyo kijana ambaye angeweza kucheza ligi kuu katika timu dhaifu alizuiliwa miaka mingi daraja la chini kwa sababu tu timu yake ilikuwa na mwingine aliyemtangulia. Kenesaw Mountain Landis, aliyekuwa jaji kabla ya kufanywa kamishna wa besiboli mwaka wa 1920, aliyachukia mashamba tangu awali, na mwaka wa 1938, alipogundua kwamba Cardinals walikuwa na mapatano ya siri na zaidi ya klabu moja ndani ya ligi ile ile, aliwaachia huru zaidi ya 70 katika vijana wao kwa amri ya siku moja. Katika hilo insafu ilikuwa upande wa Landis. Katika jambo jingine, ambalo nitalifikia, historia haimwoni kuwa mwadilifu.

Miongoni mwa waliobaki katika milki ya Cardinals alikuwamo kijana wa Donora, Pennsylvania, aliyetumia mkono wa kushoto, jina lake Stan Musial. Waliomwandikisha walimpima kuwa mrushaji, wakampeleka Williamson, West Virginia, katika daraja D, ambako mkono wake ulirusha kwa nguvu lakini mpira haukwenda alikoutaka. Mwaka wa 1940 alikuwa Daytona Beach, Florida, bado daraja D, chini ya meneja Dickie Kerr, ambaye zamani alikuwa mrushaji wa Chicago na ambaye katika ile fedheha ya mwaka wa 1919, wenziwe walipouza mechi kwa wacheza kamari, yeye alibaki mwaminifu. Kerr alipungukiwa na wachezaji, basi siku ambazo Musial hakurusha alimweka mbali nyuma ya uwanja na kumpa gongo. Msimu ule kijana alishinda mechi 18 akirusha, akapoteza 5, na akapiga kwa wastani wa .311, yaani sehemu ya zamu zake za gongo iliyozaa pigo salama. Mwezi wa Agosti alijitupa kuukimbilia mpira uliokuwa ukianguka, akaangukia bega la kushoto, na mkono wa mrushaji ukafa pale pale kwenye majani.

Alikuwa na miaka 19, ana mke, na mshahara wa kumtosha kwa taabu. Lau kama angekuwa katika taratibu yenye haraka, angepewa nauli ya kurudi Donora kutafuta kazi katika viwanda vya chuma na zinki. Kerr na mkewe waliwachukua nyumbani mwao, na Kerr akamtuliza asikate tamaa, kwa maana alikuwa ameyaona yale ambayo daftari za wapimaji hazikuyaandika. Mwaka uliofuata Musial alianza msimu katika Springfield, Missouri, akiwa mpigaji peke yake. Katika mechi 87 alipiga kwa wastani wa .379, akapandishwa Rochester, akapiga .326, na mwezi wa Septemba alikuwa St. Louis, katika ligi kuu, akipiga .426 katika mechi 12. Alistaafu mwaka wa 1963 akiwa na mapigo salama 3,630, yote kwa klabu ile ile moja, na alipokuwa mtu wa mali aliwanunulia Kerr na mkewe nyumba huko Houston. Msomaji azingatie kwamba hapakuwa na mpimaji hata mmoja aliyebashiri habari hii. Waliona mrushaji. Kilichomwokoa Musial, na kilichoipa Cardinals mchezaji mkuu kupita wote katika historia yao, ni kuwapo kwa ligi ya chini kiasi kwamba mrushaji angeweza kujaribiwa kazi nyingine bila ya mtu kupata hasara, na kuwapo kwa mwalimu mwenye moyo.

Hata hivyo wingi ule wote ulikuwa wa watu weupe. Tangu mwisho wa karne ya 19 hadi mwaka wa 1946 hapana Mmarekani Mweusi aliyeruhusiwa kucheza katika ligi kuu wala ndogo zilizo chini yake, bila ya sheria iliyoandikwa, kwa mapatano ya wenye klabu tu. Na Landis, ambaye aliwahurumia vijana wa mashambani, alikaa katika kiti chake hadi kufa kwake mwaka wa 1944 na mlango ule haukufunguka. Wapimaji waliokuwa wakizunguka Idaho na Arkansas wakitafuta mtu wa kurusha jiwe kwa kasi, walipita mijini ambamo wachezaji Weusi Satchel Paige na Josh Gibson walikuwa wakicheza mbele ya maelfu, wakapita tu. Tarehe 16 Aprili 1945 Boston Red Sox, kwa kusukumwa na shinikizo la wenye mji, waliwaita vijana watatu Weusi katika uwanja wa Fenway Park kwa majaribio: Jackie Robinson, Sam Jethroe na Marvin Williams. Vijana walipiga, walikimbia, wakashukuriwa, na hapana barua iliyowafuata. Jethroe alikuja kuwa mchezaji mpya bora wa ligi yake mwaka wa 1950 kwa klabu nyingine ya mji ule ule wa Boston. Red Sox walikuwa wa mwisho katika klabu zote kumchezesha mtu Mweusi, mwaka wa 1959. Gibson alikufa Januari 1947, hakuwahi kupewa hata jaribio. Hili ndilo kosa kubwa kupita yote katika historia ya upimaji, nalo halikuwa kosa la jicho bali la dhamiri, kwani vipimo vyote vilikuwapo, na wapimwa walikuwapo, na waliokataa kupima walikuwa na macho mazima.

Rickey, ambaye sasa alikuwa Brooklyn, alimtuma mpimaji wake Clyde Sukeforth kwenda Chicago, naye akamleta Robinson Brooklyn tarehe 28 Agosti 1945. Robinson alipitishwa kwanza ligi ndogo, Montreal, msimu wa 1946, na tarehe 15 Aprili 1947 aliingia ligi kuu. Sukeforth huyo huyo miaka kadhaa baadaye alikuwa mtumishi wa Pittsburgh, na Rickey naye huko huko, wakati Brooklyn walipomwandikisha kijana wa Puerto Rico, Roberto Clemente, kwa zawadi ya dola 10,000. Kanuni ya wakati ule ilisema kwamba kijana aliyepokea zaidi ya dola 4,000 akiwekwa ligi ndogo, klabu nyingine itakuwa na haki ya kumchagua msimu ukiisha. Brooklyn walimweka Montreal mwaka wa 1954 na kumchezesha kwa nadra, na watu wengi wamefikiri kwamba nia ilikuwa kumficha. Wastani wake wa kupiga ulikuwa .257, tarakimu isiyomshitua mtu. Sukeforth alikwenda kumtazama mwenzake mmoja, mrushaji mpira. Lakini kabla ya mechi, wachezaji walipokuwa wakijizoeza kurusha kutoka nyuma ya uwanja, aliuona mkono wa Clemente, na baada ya hapo alikaa akaangalia anavyopiga katika mazoezi, na neno likawa limekwisha. Mwezi wa Novemba, Pittsburgh, ambao kwa kuwa wa mwisho katika ligi walipewa nafasi ya kuchagua kwanza, walimtwaa kwa dola 4,000. Alicheza kwao miaka 18, akafikisha mapigo salama 3,000 kamili, na tarehe 31 Desemba 1972 akafa katika ndege iliyoanguka baharini akipeleka misaada kwa waliopatwa na tetemeko la ardhi Nicaragua.

Zama za wingi zilikuwa karibu kupita. Mwaka wa 1949 Marekani ilikuwa na ligi ndogo 59, na watazamaji takriban milioni 40 kwa msimu. Kisha televisheni ikaingia nyumbani, watu wakapata kuzitazama timu kubwa bila ya kutoka barazani, na miji midogo ikafunga viwanja mmoja baada ya mmoja. Mwaka wa 1963 madaraja ya B, C na D yalifutwa. Mwaka wa 1965 ukaanzishwa uteuzi wa pamoja, ambao klabu huchagua vijana kwa zamu, dhaifu akitangulia, na wa kwanza kuitwa alikuwa Rick Monday wa Chuo Kikuu cha Arizona State. Haja ya kupima kwa kipimo kimoja ikazidi, na mwaka wa 1974 klabu ziliunda ofisi ya pamoja ya wapimaji, ikaeneza ile taratibu ya alama ambayo hata leo ndiyo lugha ya kazi hiyo: 20 ni ya chini kabisa, 80 ni ya nadra mno, na 50 ni mchezaji wa kati wa ligi kuu. Mpigaji hupewa alama katika mambo matano, yaani kupiga kwa uhakika, kupiga kwa nguvu, kukimbia, kudaka na kurusha, na kila jambo huandikwa mara mbili, alivyo leo na atakavyokuwa. Tarakimu ya kwanza mtu yeyote mwenye saa anaweza kuipata: mpigaji wa mkono wa kulia akitumia sekunde 4.3 tangu gongo kugusa mpira hadi mguu kugusa kituo cha kwanza, futi 90, huyo ni 50. Mdakaji aliyeufikisha mpira kituo cha pili kwa sekunde mbili kamili naye ni wa kati. Tarakimu ya pili ndiyo inayomnyima mpimaji usingizi.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 Danny Litwhiler, mchezaji wa zamani wa Cardinals aliyekuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Michigan State, aliona kifaa cha rada ambacho polisi walitumia kuwakamata wenye magari ya mbio, akafikiri kwamba kingeweza kupima mpira, na baada ya muda si mrefu hapakuwa na kiwanja bila ya kundi la watu walioinua vifaa hivyo kwa pamoja kila mrushaji anapoinua mguu. Kipimo hicho kimefaa, na kimepotosha vilevile, kwa sababu kasi ni jambo jepesi kusoma na watu hupenda lililo jepesi. Steve Dalkowski, wa mashamba ya Baltimore, aliaminiwa na wengi waliomkabili kuwa mwenye kasi kupita binadamu yeyote. Katika Stockton, California, mwaka wa 1960, kwa mizunguko 170, aliwatoa wapigaji 262 kwa kukosa mpira, na akawapa wengine 262 kituo cha bure kwa kutoweza kuulenga. Rada ya jeshi ilimpima mwaka wa 1958 huko Aberdeen, Maryland, siku moja baada ya kurusha mechi nzima, na isione ajabu yoyote. Alipoanza kupata utulivu, mwaka wa 1963, kiko cha mkono kikaharibika, na hakucheza ligi kuu hata siku moja. Warushaji ndio huzuni ya kazi hii: mkono wa mwanadamu haukuumbwa kwa kazi ile, na daftari lolote linalombashiria kijana mrushaji miaka kumi ya neema lastahili kusomwa kwa hadhari.

Upande wa pili wa elimu hiyo ulifunguliwa na mtu ambaye hakuwa mpimaji kabisa. Bill James alikuwa mlinzi wa usiku katika kiwanda cha vyakula vya makopo Kansas alipoanza, mwaka wa 1977, kuchapisha mwenyewe kitabu cha kila mwaka cha hesabu za besiboli. Mwaka wa 1985 alidai jambo ambalo wenye kazi walilipinga kwa hasira: kwamba hesabu za mchezaji katika ligi ndogo, zikisahihishwa kwa adili, hubashiri hesabu zake za ligi kuu kwa uhakika ulio sawa na ule wa hesabu za ligi kuu zenyewe. Masahihisho hayo si siri. Hutazamwa kwanza umri, kwani kijana wa miaka 20 anayepiga .280 baina ya watu wa miaka 24 ni tunu, na mwenye miaka 26 anayepiga .320 baina ya wavulana huenda hana alipobakia kwenda. Hutazamwa mahali, kwa sababu katika miji ya milimani kama Albuquerque hewa ni nyepesi na mpira huruka mbali bila ya nguvu nyingi. Na hutazamwa ni mara ngapi mpigaji hukosa mpira kabisa, na ni mara ngapi huuacha mpira mbaya upite, maana tabia hiyo hupanda pamoja na mchezaji kutoka daraja hata daraja, hali wastani wa kupiga waweza kuwa bahati ya mwezi mmoja.

Ugomvi baina ya watu wa macho na watu wa hesabu ulisikika sana baada ya mwaka wa 2003, Michael Lewis alipotoa kitabu chake juu ya klabu ya Oakland na kiongozi wake Billy Beane, ambaye mwenyewe aliteuliwa na Mets katika duru ya kwanza ya mwaka wa 1980 kwa umbo lake na mbio zake, na akaja kushindwa kupiga. Mimi siuoni ugomvi huo kuwa na maana kubwa iliyodaiwa. Hesabu za Montreal zisingemwonyesha mtu Clemente, na jicho la Sukeforth lilimwona. Umbo la Beane liliwadanganya wenye macho, na hesabu pengine zingewaonya. Kila upande ulipata pale ulipokubali kwamba hautoshi peke yake.

Afrika nayo imeingia katika daftari hizo, kwa kuchelewa. Gift Ngoepe alilelewa katika kiwanja cha besiboli cha Randburg, Afrika Kusini, ambako mama yake alikuwa mfanyakazi. Pittsburgh walimwandikisha mwaka wa 2008 kwa ajili ya mikono yake ya kudakia, huku wakijua kwamba gongo lake ni dhaifu. Alizunguka ligi ndogo zaidi ya miaka minane, muda ambao klabu yenye pupa isingemvumilia, na tarehe 26 Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa bara hili kucheza ligi kuu, akapata pigo salama mara yake ya kwanza kushika gongo. Jirani zetu wa Uganda waliipeleka timu ya watoto wa Lugazi katika mashindano ya dunia huko Williamsport, Pennsylvania, mwaka wa 2012, ya kwanza kutoka Afrika, baada ya wenzao wa mwaka uliotangulia kunyimwa viza. Na mwaka wa 2022 Los Angeles Dodgers waliwapa mikataba warushaji wawili wa nchi hiyo. Mwalimu wa michezo wa Afrika Mashariki anayetaka kuwatengenezea njia vijana wake asidhani kwamba atahukumiwa kwa vikombe alivyoshinda. Wapimaji hawatafuti timu, wanatafuta mkono, mguu na jicho la mtoto mmoja mmoja.

Lakini ngazi imefupishwa. Mwaka wa 2021 ligi kuu ilizitwaa ligi ndogo mikononi mwake, ikabakiza klabu 120, na miji zaidi ya 40 ikapoteza uhusiano wake na timu kubwa. Mishahara iliongezeka, na katika hilo haki imetendeka ambayo Landis hakuifikia: kwa mapatano ya mwaka wa 2023, baada ya wachezaji wa ligi ndogo kujiunga na chama, malipo ya chini ya daraja la juu yalipanda kutoka dola 17,500 kwa mwaka hadi 35,800. Wakuu wanasema kwamba kwa kamera na mitambo ya sasa hawahitaji tena umati wa vijana ili kumpata mmoja. Dai hilo silikubali, kwani ni la watu wanaodhani kwamba wamekwisha kujua, na kila ukurasa wa historia ya kazi yao unawakanusha. Mwaka wa 2016 watu wawili waliingizwa pamoja katika jumba la mashujaa wa besiboli huko Cooperstown. Mmoja, Ken Griffey mdogo, alikuwa ameteuliwa wa kwanza kabisa mwaka wa 1987, na wapimaji waliafikiana juu yake. Wa pili, Mike Piazza, aliteuliwa mwaka wa 1988 katika duru ya 62, wa 1,390, na hata hivyo kwa hisani tu, kwa kuwa Tommy Lasorda, meneja wa Dodgers, alikuwa rafiki wa baba yake. Akageuzwa mdakaji, akaenda kujifunza kazi hiyo katika kambi ya Dodgers huko Jamhuri ya Dominika, na kwa mapigo 396 ya nje ya uzio akaweka idadi ambayo mdakaji mwingine hajaifikia. Uteuzi wa siku hizi hukoma duru ya 20. Kwa kanuni hiyo jina la Piazza lisingeitwa, na angebaki kubisha hodi kwa klabu moja moja, akitafuta itakayokubali kumwandikisha nje ya orodha.